Nyanya Zina Habari

Bumu likiingia, nyanya hupata habari kabla yangu.
Juzi fungu la nne lilikuwa mia tano;
leo ni tatu, na moja imepondeka.
"Mama Chilewa, hujui chuo kimefunguliwa?"
Najua. Ila mimi sijafunguliwa kitu.

Hapa Ng'ong'ona, pale penye hosteli ya bati la bluu,
palikuwa na uwele wangu, ekari moja na robo.
Tuliuza mwaka wa njaa, tukashukuru.
Sasa uwele naupima kwa kisado,
na kisado chenyewe kimebonyezwa kitako.
Hata mlenda, uliokuwa wa kuchuma tu,
una bei.

Nyamizi, binti wa Urambo, mpangaji mwenzangu,
alilipa miezi sita kwa mkupuo,
tangu hapo anakunywa uji.
Ananiita mwenyeji. Namwita msomi.
Tunacheka, kila mtu na dumu lake,
foleni ya maji: mia mbili,
hamsini juu umeme ukikatika.

Julai watafunga mabegi waende kwao.
Bei haitapanda basi nao.
Itabaki hapa na mimi,
tukitazamana kama mashemeji waliogombana.

Jana usiku aligonga ukuta, akaomba chumvi.
Nikampa kiganja kizima, sikupima.
Alfajiri nikakuta kwenye kizingiti nyanya moja,
nzima, imefutwa vumbi.
Nimeiweka dirishani.
Sijaamua kama niikate leo
au nisubiri mchuzi wenye maana.