Cheu ya Kuazima

Dawa ilikuwa ya rangi mbili, nyekundu na njano,
dawa ya watu, ya duka la Konde,
kopo zima kwa bei ya pishi ya karafuu.
Nikavichomeka vidonge kumi kumi ndani ya ndizi mbivu,
asubuhi na magharibi,
nikamsukumia Nyange hadi nyuma ya ulimi:
meza, mama, kifua kipone.

Kifua kikapona.
Siku ya tatu kikohozi kimekwenda zake,
nami nikajisifu barazani mbele ya watu
kwamba kwangu mie bwana mifugo atakufa njaa.

Siku ya nne Nyange hakucheua.

Hujui kuwa sauti hiyo ipo mpaka ikatike:
taya kusaga, kimya, kitonge kupanda kooni,
taya tena, kama mtu anayetwanga mbali.
Tangu mke wangu afe mie hulala kwa sauti hiyo.
Usiku ule nilisikia mbu tu.

Kulipokucha kinyesi kilikuwa maji,
kinanuka kama ndoo ya pweza iliyosahauliwa juani.
Nilimkatia majani machanga ya mgomba;
akayanusa kwa adabu, akayaacha,
akanitazama kama mgeni aliyekwisha kula kwao.

Bi Salha Ngwali alikuja na pikipiki kutoka Wete,
buti za mpira, buibui kalikunja kiunoni.
Aliweka ngumi ubavu wa kushoto, akaweka na sikio,
akainua kidole tunyamaze:
mie, kuku, na mtoto wa jirani.
Dakika nzima. Dakika ya pili.
"Nyumba haina mtu," akasema.

Kisha: "Umempa nini?"
Nikamwonyesha kopo.

Hakunigombeza; bora angenigombeza.
Alikaa juu ya kinu akanieleza taratibu
kama mtu anayesoma hati ya deni:
"Ng'ombe hali majani, Mzee Hamad.
Majani huwalisha wadudu walio tumboni mwake,
wadogo, hawaonekani, hawana hesabu,
na wao ndio wanaomlisha yeye.
Ulituma dawa ikamtoe mwizi kifuani.
Ikapitia tumboni, ikakuta mji mzima umelala,
haikubisha hodi,
haikuuliza nani mwizi, nani mwenyeji."

Sasa?

"Sasa tuazime wenyeji. Ng'ombe mzima wa karibu ni wa nani?"

Wa karibu ni wa Faki Shaame.
Faki, ambaye hatusemezani tangu mvua za mwaka juzi
kwa mkarafuu mmoja ulio mpakani
na ambao, wallahi, ni wangu.

Bi Salha alikwenda yeye. Nilibaki nimeshika kamba.
Faki akaja na ng'ombe wake mweusi, salamu hakunipa.
Alingoja acheue,
akatia mkono kinywani, akachomoa kitonge cha kijani
kingali kinafuka mvuke,
akakitumbukiza katika ndoo ya maji vuguvugu.
Mara saba. Ya saba ng'ombe alimng'ata,
Faki akatukana, akacheka,
nami nikacheka,
kisha sote wawili tukakumbuka.

Tukamnywesha Nyange kwa chupa ya soda, kichwa juu.

"Maziwa usiuze mpaka nikwambie. Dawa imo,"
akasema Bi Salha, akiwasha pikipiki.
Sikumwambia kwamba siku zile za kujisifu
lita nne nne zilikwenda mkahawa wa Bi Mkasi,
kwenye chai ya watoto wa chuoni.

Nyange alicheua usiku wa kuamkia Ijumaa.
Nilihesabu gizani: kitonge kimoja, mara arubaini na nane.
Asubuhi nikapeleka mkungu wa ndizi kwa Faki,
nikauacha mlangoni. Hajasema kitu.
Mkarafuu uko palepale.

Bi Mkasi kila siku ananiuliza maziwa,
na sijui nianzie wapi.
Nami leo, tangu alasiri, nakohoa.
Kopo liko juu ya kabati.
Nimelitikisa. Bado vimo.