Vipandio Kumi na Vitatu

Jumamosi, Agosti, saa mbili kasoro.
Kufuli limeshika kutu. Zedekia analitia mafuta ya kupikia,
analitukana kwa sauti ya chini watoto wasisikie,
na watoto wamesikia, wanacheka nyuma ya gari.
Mlango unapokubali, harufu ya mwaka mzima inatoka kutulaki:
popo, mafuta ya taa, godoro lililolala peke yake.

Mimi nafagia sami,
vile visubi vya ziwani vinavyokuja kama moshi
na kufa kwa debe.
Nafagia kizingiti, dirisha, fremu ya picha ya Baba,
Baba na kofia yake ya reli,
visubi vimeganda kwenye kioo, penye masharubu.

Alijenga hapa Seme kwa kiinua mgongo,
mabati, mawe, choo mbali na upepo,
na mbele ya nyumba vipandio vya saruji kushuka majini,
kumi na vitatu.
Saruji ikiwa mbichi alichukua msumari
akakipa kila kimoja namba,
kama mabehewa.
Tulimcheka. Yeye akasema: mkikataa kutoka majini
nitawaita kwa namba.
Na aliita kweli, jioni, mkono kiunoni:
Wewe uliye kwenye kumi na moja, panda!

Leo nimeshuka na ndoo
nikahesabu saba.
Cha nane kimo ndani, namba yake inatetemeka
kama mwandiko wa mgonjwa.
Baada ya hapo ni rangi ya chai tu,
na gugu maji moja lililopotea njia, na ua lake la zambarau.

"Mnunuzi yupo," Zedekia asema,
akifunga kamba kwenye gunia la soda
ili tulizamishe zipoe, kama zamani.
"Mtu wa Eldoret. Anataka kiwanja chote."
Rispa anageuza ngege kwenye karai, hainui uso:
"Ziwa limeshaanza kununua. Na halilipi."
Mafuta yanarukaruka. Hakuna anayemjibu.

Saa sita jua linakaa juu ya mabati kama mgeni asiyeaga.
Hawi, binti yake Zedekia, miaka minane,
hakumjua babu yake ila kwa kofia ile,
anashuka akishika kamba ya gunia.
"Shangazi, tisa iko wapi?"
"Itafute."
Anapapasa kwa kidole gumba cha mguu,
uso ameuelekeza juu, macho ameyafumba,
anasoma.
"Ina utelezi. Ina tumbo. Ina mkia... Tisa!"
Maji kifuani. "Hii ni fimbo na yai. Kumi!"
Maji kidevuni. Anasimama pale
akitafuna midomo, akitafuta,
na mimi nimo majini na gauni langu,
sikumbuki nilivyofika.
"Fimbo mbili," asema, na meno yanagongana.
Hapo nikasikia koo langu likiita, kwa sauti isiyo yangu:
Wewe uliye kwenye kumi na moja, panda!

Alipanda. Alikula samaki wawili na kichwa cha tatu.
Chupa moja ya soda haikurudi, gunia lilikuwa na tundu.
Tukacheza karata, mdogo wa Hawi akaiba, tukamwachia.
Hatukuzungumza tena habari za mtu wa Eldoret,
wala hatukusema hatutazungumza.

Usiku kiboko anakoroma matetani.
Natoka kuchota maji ya kunawa uso,
nakuta suruali ya Zedekia kwenye kamba ya nguo,
inatona, imelowa hadi kiunoni na kupita,
na mwenyewe ameketi kwenye kipandio cha pili
na taulo la mtoto mabegani.
Simuulizi.
"Kumi na mbili ipo," asema baada ya muda mrefu.
"Kumi na tatu sikuifikia."
Kisha anasogea kidogo, upande wa ukuta,
nipate pa kukaa.