Kifungo cha Tatu

Mbunifu wa mavazi, mama wa Bolonya, ananiagiza nichakaze.
Vitambaa vipya, bado vinanuka duka la Ruwi,
nivisugue kwa msasa, nivichovye kwenye chai ya rangi,
nirarue viwiko. "Zaidi, Thuwaiba, zaidi! Hawa wana njaa."
Nararua. Lakini njaa najua huanzia wapi:
mfukoni, pembe ya ndani,
mkono unaporudi tena na tena kuhakikisha kuwa hamna.

Jumba letu la opera hapa Maskati lina marumaru
ambayo hata waasi wa Ufaransa
(vijana wa Sib, wanalipwa kwa siku)
wanaona haya kuyakanyaga.
Wanafundishwa kupiga kelele za mapinduzi kwa Kitaliano.
Wanacheka. Mmoja anachungulia simu chini ya bendera.

Mimi nilikuwa na miaka sita, Unguja, Januari ile,
na kelele sizikumbuki. Nakumbuka hodi.
Hodi ya adabu, mara tatu, kama ya mtu aliyeleta maziwa.

Alikuwa Makame, mtoto wa mpishi wetu,
ana bunduki, na amevaa koti la baba.
Lilimkaa kuliko lilivyomkaa baba.
Dada yangu Ghanima alisimama nyuma ya pazia;
nililiona pazia likipumua.
Kifungo cha tatu kilining'inia kwa uzi mmoja.
Mama, hata ushungi hajajitanda, akasema:
"Njoo hapa wewe. Kifungo hicho kitadondoka."

Naye akaja.
Akaegemeza bunduki ukutani, penye miavuli.
Mama, aliyetukataza siku zote kushonea nguo mwilini,
akamshonea mwilini.
Akakata uzi kwa meno, karibu na kifua chake.
Hakuna aliyesema neno. Akatoka.
Usiku ule ilivunjwa nyumba ya kulia, na ya kushoto.

Miaka baadaye, tuko Matrah, barua ikaja:
Makame amepewa kifungo, miaka minane,
na wale wale aliowabebea bunduki.
Ghanima aliisoma jikoni, akaibana chini ya kopo la bizari.
Wachumba walikuja, wakanywa kahawa, wakaondoka.

Leo, kabla ya sehemu ya tatu,
Bwana Corrado, mwenye sauti nzito kama lango la shaba,
anayeigiza mtumishi aliyepandishwa na mapinduzi
hadi meza ya mahakama, na moyo umemwangukia binti wa bwana wake,
anakuja mbio: kifungo!
Sekunde arobaini. Koti halivuliki, mishipi imekwisha kukazwa juu yake.
Nikashona. Moyo wake ulinigonga kwenye subana.
Nikakata uzi kwa meno.
Akaniinamia kidogo, akaenda kwenye taa kuandika jina la mtu.

Sijui Kitaliano. Nilisimama gizani, ladha ya uzi ulimini,
nikamsikia mtu mzima anaimba kitu
ambacho Makame alikimeza mlangoni kwetu.

Usiku nikampigia Ghanima, Al Khuwair.
Tiketi aliikataa; goti, alisema, na ngazi zile.
Nikamsimulia: mshairi anakatwa kichwa,
binti anamfuata kwa hiari yake,
yule mwenye koti anabaki na kalamu.

Akanyamaza. Nilisikia kiyoyozi chake, na kijiko kikizunguka kikombeni.
Kisha akauliza:
"Na kifungo? Kilishika?"