Sifuri Nukta Nane

Novemba, kinu hakilali. Mawe hayapo tena,
siku hizi ni chuma kinachosaga na kuzungusha,
ila foleni ni ile ile: magunia, madebe,
wanaume wa Kato Lagada, tope hadi magotini,
wananitazama kupitia kioo cha chumba changu
kama watu waliompeleka mtoto kwa daktari.

Naitwa Argyro. Ushirika unanilipa
niwaambie majirani ukweli kwa tarakimu mbili.

Gramu kumi za mafuta kwenye chupa ya koni.
Spiriti na etha, viowevu visivyo na upande,
maana nimekwisha kuvisuluhisha mapema.
Matone machache ya kiashiria: hayana rangi, hayana neno.
Juu yake bureti, wima, imejaa alkali.
Nafungua koki.

Mafuta mazuri hayana makuu.
Mililita moja, na waridi linatanda.
Mafuta yaliyocheleweshwa hunywa, hunywa,
kama mgeni aliyetembea mchana kutwa.
Zeituni ikilala guniani hupata joto,
huumizana, huvuja, huvunjika ndani kwa ndani,
na kila usiku wa kungoja huacha asidi yake.
Hilo ndilo ninalolipima, ukitaka kujua:
si ladha, si jasho la mtu. Kuchelewa.

Jumanne ilikuwa zamu ya Manousos, baba mkwe wangu.
Madebe kumi na manne. "Tumechuma jana," akasema,
akiiambia kalenda ya ukutani.

Mbili nukta nne. Nikapunguza mkono.
Mbili nukta sita: waridi likachungulia, likakimbia.
Mbili nukta nane: likaenea chupa nzima,
nami nikaacha kutikisa, nikaanza kuhesabu.
Sheria inataka sekunde kumi.
Nne. Tano. Sita.
Kwenye saba likafifia,
kama haya usoni mwa mtu mzima.

Hapo palikuwa chini ya sifuri nukta nane, kwa unywele.
Daraja la kwanza. Karo ya Rodanthi, matairi ya trekta.
Ningeweza kuhesabu haraka.
Chumbani tulikuwa wawili, mimi na bureti,
na bureti haina wakwe.

Tone.

Tone la pili.

Likakaa.

Nikainama, jicho sawasawa na bonde la kioevu;
ukisoma kutoka juu au chini, unasoma unachokitaka.
Mbili nukta tisa. Nikazidisha.
Sifuri nukta nane mbili.
Nikarudia kwa chupa mpya, kisha nyingine.
Nambari ilikuwa na ukaidi wa familia yao.

Nikatoka na karatasi. Hakuisoma.
"Siku tano," akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi.
"Magunia yalikaa siku tano. Nilikuwa Iraklio,
wananipiga picha za kifua. Usimwambie Evanthia."

Ningemwuliza mwaka mzima, asingesema.
Chupa ilimwuliza kwa dakika nne.

Tukahamisha madebe upande wa pili wa ghala,
kule bei hubembelezwa. Alibeba mawili, akapumzika.
Alibeba moja, akapumzika.
La mwisho akalirudisha garini.
"Hili la nyumbani," akasema. "Mkate haujui nukta."

Usiku nikaenda kuosha vyombo.
Chupa yake ya kwanza ilikuwa pale pale kwenye vigae, nyeupe.
Waridi lilikwisha kuondoka. Si miujiza:
hewa tunayoitoa kifuani ina asidi yake ndogo,
huingia mdomoni mwa chupa, huifuta rangi
bila kuomba ruhusa.

Daftarini wino haukufutika.
Pembeni, pale pa maoni, nikaandika
jambo ambalo ushirika haukuniuliza:
*Alhamisi, saa mbili asubuhi, hospitali.
Naendesha mimi.*