Vyuma vya Daktari Vendelín

Vilikuwa vya kinywani, vyuma hivi.
Baba alivitandaza kila asubuhi katika chumba cha juu,
hapa Třebíč, dirisha likitazama mto ulioganda,
na mji mzima ulimpanulia mdomo.
Aliwajua watu kwa magego kabla ya majina.

Sasa vimelala mezani kwangu juu ya taulo,
kila kimoja na cheo kipya:
ndoano ya kuchokonolea, niliyoililia nikiwa na miaka saba,
leo huchora kope;
kile chembamba chenye ncha ya jani
hukunja joho magotini;
kijiko alichoshindilia zebaki kwenye jino bovu
hushindilia mashavu.
Na sindano ya nyumbani, ya kushonea vifungo,
nimeichomeka kwenye mpini wa brashi iliyokufa.
Hiyo ndiyo inayojua njia ya puani.
Wembe. Waya. Kizibo cha chupa ya mvinyo
ambacho mtu husimama juu yake
wakati bado ni mifupa tu.

Udongo wangu huja vipande viwili, buluu na manjano,
ukivikanda vinakuwa kijani cha chura,
na hapo muda unaanza kula:
saa ya kwanza unanata kama ulimbo,
ya pili unasikia la mtu,
ya tatu mkaidi,
ya nne hauna msamaha.
Mnara wa kanisa una saa pana kuliko chumba changu;
sijaitazama tangu Novemba.

Nalamba ncha ya chuma kabla ya kugusa uso.
Si adabu, najua,
lakini mate hayaongopi, na maji hutiririka machoni pa mtu
akaonekana analia kabla sijamwamulia.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema.
Kimoja kinatosha kumvunja mchungaji
mwenye kimo cha kucha mbili:
unapiga chafya, unamshika kwa pupa,
bega limekwenda.

Bi Hedvika Koutná ameagiza wachungaji saba
wa kuweka kwenye hori la Krismasi.
Kila mwaka paka wake humla mmoja.
Sita niliwamaliza upesi, kofia, fimbo, mwana-kondoo,
nyuso za watu wasiodaiwa chochote.
Wa saba mkono wangu ulikwenda wenyewe:
paji pana, nyusi nzito,
lile taya la mtu anayesubiri ujibu.

Usiku baba alishuka na ndara zake.
Kikombe chake siku hizi hatukijazi kupita nusu.
Akavaa miwani yangu ya kukuzia, akainama.
Nikangoja aseme, huyu ni mimi.
"Taya limevimba," akasema. "Kushoto.
Huyu anatafunia upande mmoja.
Nipe jani."

Nikampa, mpini mbele, alivyonifunza.
Alishika pumzi.
Ncha ilikwenda kwenye shavu, ikachezacheza hewani
kama nyuki asiyeliona ua,
ikatua kwenye mkono wa joho
na kuacha mistari midogo, mingi, iliyovurugika.
Aliitazama muda mrefu.
Kisha akanirudishia chuma, mpini mbele,
akasema lile aliloambia nusu ya mji huu:
"Haya. Suuza. Usile kitu kwa saa mbili."
Ngazi zikalia, moja moja, hadi juu.

Ilikuwa bado saa ya pili. Udongo ulikuwa unasikia.
Ningeweza kulainisha.
Nililowesha kidole, nikakiweka karibu,
kisha nikakifutia kwenye aproni.

Jumamosi Bi Hedvika alikuja na kisanduku cha pamba.
Aliwageuza mmoja mmoja dirishani.
Kwa wa saba akakaa.
"Huyu," akasema, "anatetemeka kwa baridi."

Juu yetu ubao wa sakafu ulilia.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni Disemba."