Mkono Usiovunja Moshi

Siku ya kwanza Bi Kalunde hakutuambia karibu.
Alitupanga koridoni, watu tisa,
akatutazama kucha kama mtu anayechagua kuku mnadani.
Rangi hiyo itoke, alisema. Pete itoke. Wanja pia.
Na wewe wa nyuma unayenukia udi,
kesho uje unanuka maji.

Nje, Agosti ya Tabora inapeperusha vumbi lake jekundu.
Limekaa kwenye kope, kwenye mishono ya viatu,
nadhani hata kwenye matamshi yetu.
Kiwanda ni kidogo, ng'ambo ya reli,
kinatia matone ya macho kwenye vichupa
visivyozidi kidole gumba.
"Jicho halina mlango wa pili," alisema.
"Ulichotia, kimeingia."

Tulijifunza kuvaa kwa siku nne.
Nne! Mimi ninayejivika tangu sijaota meno ya ukubwani.
Kofia. Barakoa. Ovaroli isiyogusa sakafu,
uishike kama anavyoishika kanga mpya
mtu anayevuka mto.
Mguu mmoja unavuka benchi, wa pili unangoja.
Glavu juu ya glavu. Spiriti. Ngoja ikauke.
Mhoja alijisahau akajikuna sikio,
akarudishwa koridoni kuanza na kofia.
Mara tano.
Ya tano alicheka mwenyewe,
naye Bi Kalunde: "Kicheko nacho kina mate. Toka."

Humu hakuna mwangaluka.
Hupigi goti, hupeani mkono,
huulizi ng'ombe wameamkaje.
Unainamisha kichwa, basi.
Shangazi yangu angetuona angesema tumerogwa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mwalimu alisema,
"lakini kinatosha kuua vichupa elfu mbili."

Wiki ya pili alileta moshi.
Aliuachia chini ya kichujio, ukashuka mweupe,
umenyooka kama nyuzi za mfumaji.
Pitisha mkono, akaniambia.
Nikaupitisha kama ninavyochukua chenji sokoni.
Moshi ulikatika, ukajisokota,
ukaenda kulala juu ya vichupa vilivyo wazi.
"Umeona? Huo mzunguko ni wewe."

Hapo nikaukumbuka moshi mwingine.
Msitu wa Sikonge, baba yuko juu ya mtundu,
kienge kinafuka, mzinga wa gome unanguruma,
na mkono wake unaingia polepole,
polepole hata nyuki wakauhesabu
kuwa sehemu ya giza lao.
Hakunifundisha neno. Alininyamazisha tu.

Nikapitisha mkono tena, mkono wa baba.
Moshi ukanipisha,
ukajifunga nyuma yangu kama maji.
Bi Kalunde hakunisifu. Aliandika kitu, akaita jina linalofuata.

Nilijiona nimefuzu.

Kisha tukabonyeza vidole kwenye sahani za ute,
zikalala siku tano kabatini kwenye joto.
Zilipofunguliwa, ya Mhoja, Mhoja yule yule, ilikuwa tupu.
Yangu ilikuwa na kidoti.
Kimoja, cheupe, duara kama kimechorwa,
chini ya kidole cha shahada, mkono wa kulia.

Nilijitetea. Nikataja hewa,
nikamtaja aliyezibeba sahani,
nikaitaja sahani yenyewe.
Aliniacha nimalize.
"Miwani," alisema. "Dakika ya kumi na mbili uliisukuma juu."
Sikumbuki.
Kidole kilikumbuka.

Jioni napita Ng'ambo naelekea nyumbani,
mikono iko mbele ya kifua, juu ya kiuno,
viganja havigusani, havigusi gauni.
Muuza karanga ananiuliza naomba dua gani
njiani namna hii.

Nanunua za mia mbili.
Nazitazama mkononi, na ngozi zake, na vumbi lake,
na kidole kile kimekaa katikati yake,
kisafi kabisa kwa kukitazama.

Kesho naanza na kofia.