Kinga

Wameuita baridi yabisi.
Baridi gani, hapa Bombo, mwezi wa pili,
mabati yanalia kwa jua
na viungo vyangu vinatokota kama viungo vya pilau?
Aliyetunga jina hilo hakuwahi kuamka alfajiri
akashindwa na kifuniko cha kopo la mafuta.

Nilikuwa msusi wa tabaga.
Ukindu mwekundu, wa zambarau, wa kijani,
duara likianzia kitovuni, likitanuka,
wala sikuhesabu mizunguko. Kidole kilijua.
Siku hizi nahesabu vingine.

Mia tatu na arobaini, mwaka wa kwanza.
Bwana Okiror wa maabara aliiandika kwa kalamu nyekundu,
akaizungushia duara
(naye anasuka, nikawaza).
Akasema: hizi ni kingamwili, mama,
askari wa damu. Waliwekwa walinde nyumba,
sasa wanampiga mwenye nyumba.
Nikamuuliza, wanalipwa na nani?
Akacheka. Mimi sikucheka.

Maana nilikuwa nimeambiwa, kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo nilizivua, nikazikung'uta, nikazianika:
hakikudondoka kitu.

Vidonge kila Jumatatu.
Kichefuchefu kila Jumanne.
Mia mbili na kumi.
Tisini na sita.
Daktari akafurahi. Nami nikafurahi, kwa mkono wa kushoto;
wa kulia ulikuwa bado haukunjiki.
Askari wamepunguzwa kambini, sawa,
lakini milango waliyoivunja
nani ataipachika?

Kisha siku ile Mastura akanisindikiza,
binti yangu, miaka ishirini na minne,
vidole kama mijusi.
Okiror akamwambia, nawe toa kidogo,
tulinganishe damu za ukoo.
Akatoa huku akitafuna karanga.

Mia na kumi na nane.
Haumwi popote.
Damu hujua mapema, alisema Okiror, sasa bila kucheka,
miaka mitatu, mitano, kumi kabla ya kidole.
Na wengine, mama, haiwafikii kamwe.
Wengine. Nililishika neno hilo
kama mtu anayeshika kikombe kwa viganja viwili.

Mastura aliikunja karatasi, akaitia kapuni.
Jioni akalichukua tabaga nililolitelekeza,
akaendelea palepale ukindu wangu ulipokatikia.
Hakuhesabu.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Miaka yote nimeisema methali hiyo
bila kufikiri kwamba kinga ni mbili,
ya kuzuia,
na kile kijinga chenye moto
ambacho mama humpelekea mtu wake
bila kujua amekibeba.

Sijamwambia hili.
Ila kila alfajiri nalala macho,
mikono imeganda juu ya shuka,
nasikiliza chumba cha pili:
kopo la mafuta, kifuniko,
kidole gumba.

Leo limefunguka.